Walisema Nipo Kwenye Kesha

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Bwana, aliyenikuta nimekaa mchangani gizani, viatu vimeloa umande na uongo uko kinywani. Sifa zote ni zake.

Mimi naitwa Simiyu. Nina miaka sitini na minane. Nilisoma hadi kidato cha nne, nikafanya kazi ya ukarani katika ghala la mahindi Kitale mpaka nikastaafu, na kwa miaka kumi na mitano nimekuwa mzee wa kanisa. Dada Rehema, anayepokea watu mlangoni katika ushirika wetu hapa Dubai, ameniomba niandike haya kwa ajili ya wale ambao hawakuwepo siku niliposimama kushuhudia. Nimekubali. Nitaandika kama yalivyotokea, na penye kosa langu sitamsingizia mtu mwingine.

Ndugu zangu, mimi nilikuwa mtu wa kesha. Yeyote anayenijua Kitale angewaambia hivyo. Ijumaa ya mwisho wa mwezi nilivaa koti zito, nikachukua Biblia na tochi, nikamwambia mke wangu, "Nakwenda kuomba." Mara chache nilikwenda kweli. Mara nyingi nilifika, nikaimba nyimbo mbili, nikasalimia watu ili nionekane, kisha nikatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kunywa na Barasa, rafiki yangu tangu tukiwa shule. Alfajiri nilitafuna majani ya mpera kuondoa harufu, nikarudi nyumbani na macho mekundu, na mke wangu akanipikia uji kwa sababu nilikuwa nimechoka na maombi. Mtu akitaka kujificha, kesha linamfaa sana. Hakuna anayemfuata mtu aliyekwenda kuomba. Hakuna anayemuuliza kwa nini amekosa usingizi.

Mke wangu alifariki miaka kumi na miwili iliyopita. Nitafika hapo.

Aliniachia mtoto mmoja, Naliaka. Naliaka ni askari wa ulinzi katika hoteli moja mtaa wa Al Rigga huku Dubai, zamu ya usiku. Mwishoni mwa mwaka jana alinitumia viza na tiketi. "Baba, njoo wakati huu wa baridi," aliniambia. "Wakati wa joto utaungua. Njoo upumzike, umefanya kazi sana." Yeye anaishi mtaa wa Discovery Gardens, chumba kimoja na wasichana wengine watano, kwa hiyo hakuweza kunilaza kwake. Nikalala kwa Barasa, ambaye alihamia mji huu miaka kumi iliyopita na anafanya kazi ya ghala katika eneo la mizigo la uwanja wa ndege. Naliaka alifurahi. Alimjua Barasa kama rafiki yangu wa maombi. Jumapili ya kwanza alinipeleka kwenye ushirika wetu huu, ambako kuna kesha kila Ijumaa, akanitambulisha kwa Dada Rehema.

Wale mnaokaa hapa mnajua baridi ikija mji huu unakuwaje. Watu waliojificha ndani miezi yote ya joto wanatoka. Meza zinajaa nje, muziki unasikika kila pembe, taa haziishi, na hewa ni ya kuvaa sweta kama kwetu Kitale. Mimi, mzee mzima, nilijisikia kama kijana aliyepata mshahara wa kwanza.

Barasa alikuwa na rafiki Mtanzania, mtu wa Songea aitwaye Komba, dereva anayepeleka watalii jangwani kwa gari kubwa. Siku tuliyokutana alinishika mkono akauangalia. "Simiyu? Kwetu Simiyu ni mkoa. Shikamoo, mkoa mzima umekuja na suti." Tulicheka, na tangu hapo akawa ananiita Mkoa.

Ijumaa ya kwanza walinipeleka chini ya hoteli moja ambako bendi ilipiga nyimbo za ujana wetu. Nilicheza mpaka magoti yakaniuma. Ijumaa ya pili tulikaa ufukweni hadi karibu na alfajiri. Na kila Ijumaa saa sita usiku, Naliaka akiwa kwenye mapumziko yake, simu iliita.

"Baba, uko wapi?"

"Niko kesha, mama."

"Mimi niko kwa geti. Niombee."

"Nakuombea."

Kisha nilirudi kwenye meza. Mtoto wangu alisimama kwenye baridi akilinda mlango wa watu wengine, akipata nguvu kwa maombi ambayo hayakuwepo.

Ijumaa ya tatu Komba alitupeleka jangwani. Kulikuwa na magari mengine matano, watu wa kila taifa, moto mkubwa, nyama, spika iliyotingisha kifua. Chupa zilikuwa zimefunikwa na blanketi kwenye gari. Nilikunywa, sitaficha. Saa sita simu ikaita nikaona jina la Naliaka. Nikamwambia Barasa apunguze muziki.

Barasa alicheka. "Hii ni jangwa ya babako? Nenda mbali na spika, mzee wa kanisa. Mpe Bwana asifiwe yangu."

Komba alikuwa anageuza nyama. Hakucheka. "Mkoa, usizidi vilima viwili. Huku ukungu ukishuka hauna adabu."

Nilivuka cha kwanza, bado ngoma zilisikika. Nikavuka cha pili. Mtu wa kesha hawezi kupiga simu huku nyuma yake kuna ngoma, kwa hiyo nikavuka na cha tatu. Hapo ndipo nilipompigia.

"Mbona kimya hivyo, Baba?"

"Tuko kwenye maombi ya kimya, mama."

Akasema amina, akakata. Nilisimama pale nikijisifu kwa jibu lile. Kisha nikageuka, na moto haukuwepo.

Ukungu ulikuwa umeshuka wakati naongea. Ulikuwa mweupe hata katika giza, na ulikuwa mzito kiasi kwamba niliponyoosha mkono sikuona vidole vyangu. Nikacheka kidogo, nikasema nitafuata muziki. Lakini muziki ulitoka kila upande. Nilikwenda kushoto ukawa kulia. Nilikwenda kulia ukawa nyuma yangu. Nikaita, "Barasa!" na sauti yangu ikaishia palepale mdomoni, kama mtu anayeita akiwa amefunikwa na blanketi. Nilimpigia simu mara nyingi. Iliita tu. Nilijua simu yake iko mfukoni, na yeye anacheza.

Nikawasha tochi ya simu. Niliona ukungu tu, umening'ang'ania usoni. Nikatembea. Sijui kwa muda gani. Mchanga ulikuwa baridi, ukaanza kuwa mgumu chini ya viatu. Muziki ukapungua, ukapotea. Kimya kile, ndugu zangu, sijawahi kukisikia mahali pengine. Nilisikia damu yangu ikipita masikioni.

Halafu nikasikia watu wakiomba.

Mnajua kesha linavyosikika kwa mtu aliye nje: sauti nyingi kwa pamoja, kila mtu na lake, zikipanda na kushuka. Ndivyo ilivyokuwa. Ilikuwa mbele yangu, si mbali. Nilifurahi mno. Nikasema, Bwana ameniletea watu wa Mungu hata hapa. Nikaharakisha. Na nilipokaribia, sauti moja ilipanda juu ya nyingine ikauliza kwa Kiswahili safi kabisa, "Mzee Simiyu yuko wapi?"

Na wale wengine wakajibu, polepole, kama waliozoea kujibu, "Yupo. Yupo hapa pamoja nasi."

Nilisimama. Sikuwa nimemwambia mtu jina langu jangwani isipokuwa wale wawili. Na kama Simiyu yupo kule pamoja nao, basi huyu aliyesimama mchangani ni nani, na ni nani atakayemtafuta? Nilielewa hapo nilichokuwa nimefanya. Nilikuwa nimejiweka mahali ambapo sipo, na kila mtu aliyenipenda aliamini hivyo. Ningekufa pale, na mtoto wangu angekaa kwa geti mpaka asubuhi akiwa na amani.

Chaji ya simu ilikuwa karibu kuisha. Ningeweza kumpigia Barasa tena. Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani ambaye nilijua atashika simu yangu, na huyo ndiye ambaye sikutaka ajue.

Nikampigia Naliaka.

"Baba, sasa hivi niko kazini, madam wa zamu anazunguka. Kuna nini?"

"Nimepotea, mama. Niko jangwani. Kuna ukungu. Nifanyie kitu."

Akasema kwa upole, kama anavyoongea na wageni waliochoka, "Baba, umesinzia. Umeota. Toka nje ya ukumbi unawe uso."

"Siko ukumbini."

"Nimemwandikia Dada Rehema sasa hivi nikamuuliza kama una sweta. Amesema anakuona. Umekaa kiti cha nyuma, umeinama unaomba."

Na mbele yangu zile sauti zilikuwa bado zinaomba, karibu zaidi kuliko mwanzo, ingawa sikuwa nimesogea hata hatua moja.

Nikapiga magoti. Nikasema, "Naliaka, nisikilize kabla simu haijazima. Baba yako ni mwongo. Leo siko kwenye kesha. Ijumaa iliyopita sikuwepo, na ile nyingine sikuwepo. Na usiku mama yako alipofariki sikuwa kwenye kesha. Wewe ulikuwa na miaka kumi na minne, ulikuwa peke yako naye hospitalini, na mimi nilikuwa nakunywa na Barasa. Miaka hii yote nimesimama kanisani nikisema nilikuwa magotini nikimwombea. Sikuwa magotini. Sasa ndiyo niko."

Niliposema hivyo zile sauti zilikatika. Hazikufifia. Zilikatika, kama mlango umefungwa.

Nilisikia pumzi ya Naliaka. Nilidhani atakata simu, na ningestahili. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa ya askari, "Kaa chini hapo hapo. Usipige hata hatua moja. Mtu akikuita usimfuate, mjibu mpaka akufikie. Namba ya Barasa ninayo." Simu ikazima.

Nilikaa. Baridi ilipanda kutoka mchangani mpaka mifupani. Mara mbili niliona kitu kirefu kimesimama kwenye ukungu mbele yangu, na mara mbili nilitaka kuinuka nikakumbuka nilivyoambiwa. Niliomba, ndugu zangu. Sikuwa na maneno mazuri. Nilisema tu, "Bwana, niko hapa. Bwana, niko hapa." Katika miaka yangu yote ya makesha, hilo ndilo ombi la kwanza nililoomba likiwa kweli.

Baada ya muda mrefu nikasikia honi, mbali sana, nyuma yangu. Naliaka alikuwa amempigia Barasa mfululizo mpaka Komba akamchomolea ile simu mfukoni. Walizima muziki wote, wakawasha taa za magari yote, wakapiga honi kwa zamu. Kisha wanaume wakashikana mikono kwa mstari mrefu, wakatembea wakiniita, Komba akiwa mbele. Walinifikia karibu na alfajiri.

"Mkoa," Komba alisema, akinifunika na blanketi, "umetutoa roho. Vilima viwili tu, nilisema viwili." Kisha akamulika mbele yangu na tochi yake kubwa. Alinishika bega akanivuta nyuma.

Kama hatua ishirini kutoka nilipokaa ilikuwa barabara ya malori. Wakati tunaangalia, lori lilipita kwa kasi ndani ya ukungu, na taa zake hatukuziona mpaka lilipokuwa limeshatufikia. Kule ndiko zile sauti zilikokuwa zinaniitia. Barasa anasema nilisikia matairi kwenye lami, na pombe ikamalizia mengine. Huenda. Dada Rehema anasema usiku ule kulikuwa na mzee kwenye kiti cha nyuma, mwenye koti kama langu, na hakumwona akitoka. Mimi sibishani na mtu. Najua nilichosikia, na najua kilinyamaza lini.

Asubuhi Naliaka alikuja moja kwa moja kutoka kazini, bado amevaa sare. Barasa alitupisha chumba. Naliaka alikaa kwenye kitanda cha mtu anayelala chumba kimoja na Barasa, kofia yake mapajani.

"Mama alikuuliza," alisema. "Usiku ule. Aliuliza mara tatu Baba yuko wapi. Nikamwambia uko kwenye kesha unamwombea. Alitabasamu."

Nilivuta blanketi la Komba mabegani.

"Sijui kama nimekusamehe," alisema. "Lakini umepigwa na baridi. Kunywa chai."

Akaimimina yeye mwenyewe. Tukanywa, kisha akaenda kulala, kwa sababu jioni alikuwa na zamu.

Ndugu zangu, nimeandika barua kwa kanisa langu Kitale nikiacha uzee wa kanisa, na nimewaeleza sababu. Pombe nimeiacha. Barasa bado ni rafiki yangu, na Jumapili iliyopita alikaa nje ya ukumbi mpaka ibada ikaisha. Sikumsukuma. Binti yangu hajaniambia kwamba yamekwisha. Lakini bado ananipigia kila usiku kwenye mapumziko yake, ananiuliza niko wapi, na mimi namwambia. Mara nyingi niko chumbani tu, nimevaa soksi mbili, nasoma. Namshukuru Mungu kwa swali hilo kuliko kwa uhai wenyewe.

Sasa nakwambia wewe unayesoma. Labda na wewe kuna mtu anayeamini kwamba uko mahali ambapo hupo. Mpigie leo, simu ikiwa bado ina chaji. Utaaibika, mimi niliaibika. Lakini mtegemee Bwana. Atakuja kukuchukua pale ulipo hasa, hata kama ni pabaya, na atawatuma watu wakikutaja kwa jina. Kazi yako ni kukaa hapo na kuitika.