Kila Mama Alisema Ni Wake

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa kibanda cha kunyolea, na kinyozi mwenyewe ni mimi. Ng'ambo ya barabara kuna ghala la zamani ambalo, mto ulipofurika na kutawanya watu, liligeuzwa kituo cha watoto waliopotezana na wazazi wao. Wafadhili wa mbali walileta magodoro, maziwa, na gari jeupe lenye spika mgongoni. Alasiri ile tulikuwa wale wale: Bi Birika, anayetuuzia kahawa na kutugawia matusi bure, Waya, fundi wa redio, na Hoja, karani mstaafu wa mahakama anayedhani bado yuko kazini. Ghala lilikuwa kimya. Mara geti likafunguka, akatoka Gia, dereva wa lile gari jeupe, akavuka barabara kwa miguu. Dereva akija kwa miguu, ujue kuna jambo.

Bi Birika: Gari umeliacha wapi leo?

Gia: Nimerudisha funguo. Mradi umefungwa. Nipe kahawa, iwe chungu.

Hoja: Si nilisema? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wafadhili wamepewa jembe lao.

Waya: Aliyepewa jembe ni Gia, mzee. Wafadhili wako kwao wanakunywa chai.

Gia: Jamani, leo sina utani. Kuna jambo limenikaa kifuani, kama sikulisema litaota mizizi. Mnazikumbuka zile sauti?

Nani asingezikumbuka? Lilikuwa wazo la Mratibu, yule mama mwembamba aliyesimamia mradi, ambaye siku zote hutembea kama mtu aliyeacha kitu jikoni. Alisema mtoto mdogo hajui wilaya wala kata. Ukimuuliza mama yake anaitwa nani, atakujibu, "Mama." Basi kila mtoto akaingizwa kwenye chumba kilichoning'inizwa mablanketi ukutani kuzuia kelele, akarekodiwa akisema lolote analolikumbuka la kwao. Gari likawa linazunguka kwenye kambi za waliokimbia maji, spika zinaita. "Mlango wetu wa kijani haufungi." "Mbuzi wetu ana pembe moja." "Babu anakoroma, halafu anakataa." Lilipita hapa mbele yetu kila lilipotoka na kila liliporudi. Na wazazi walipatikana. Tuliwaona kwa macho yetu wakivuka barabara hii bila kutazama magari.

Gia: Sasa, kulikuwa na sauti moja ya mwisho. Haikutaja mlango wala mbuzi. Ilisema tu, "Mama, nimeshavaa viatu. Njoo basi."

Waya: Ile naijua.

Bi Birika: Wote tunaijua. Endelea.

Gia: Kambi ya kwanza, gari halijasimama vizuri, mama mmoja akashika kioo cha mlango wangu. "Mwanangu huyo! Yuko wapi?" Nikafurahi. Nikamwandalia nafasi ya kukaa. Kabla sijawasha gari, akaja mwingine. "Huyo ni wangu." Nikadhani watapigana. Hawakupigana. Walitazamana tu, kisha kila mmoja akamwonea huruma mwenzake, akidhani amechanganyikiwa.

Hoja: Kesi ya kawaida hiyo. Mtoto mmoja, mama wawili. Unaleta mashahidi.

Gia: Mzee, kambi ya pili wakaja wengine. Ya tatu, wengine tena. Huyu anasema mwanangu wa kiume, ana kidonda gotini. Yule anasema binti yangu, ana kigugumizi kidogo anaposema "nimeshavaa". Na kweli, akishakwambia hivyo, ukisikiliza tena unakisikia hicho kigugumizi! Sauti ni ile ile moja.

Bi Birika alikuwa ameinua birika ili amwongezee. Akalishusha bila kumimina.

Waya: Hilo lina maelezo. Mawimbi hayo. Spika za zamani hudaka redio za watu. Mimi niliwahi kutengeneza spika ikawa inasoma taarifa ya habari wakati haijachomekwa popote.

Hoja: Debe tupu haliachi kuvuma.

Waya: Hilo halihusiani kabisa.

Hoja: Spika ni nini kama si debe?

Gia: Ngojeni. Niliporudi nilimweleza Mratibu. Akamwita binti anayerekodi. Binti akaapa kwamba mtoto wa mwisho kumrekodi alikuwa yule wa babu anayekoroma. Baada yake alizima mashine, akafunga chumba. Mratibu akasema ifutwe. Ikafutwa, mimi nimesimama pale naona. Tukaondoka na flashi mpya. Tukafika kambi iliyofuata, babu akakoroma, pakawa kimya kidogo, kisha nikasikia mtu akivuta pumzi. "Mama, nimeshavaa viatu."

Waya: Nakala. Kulikuwa na nakala mahali. Vitu hivi havifutiki kirahisi, ni kama kutu.

Alisema hivyo, lakini mkono wake ulikuwa ukisugua goti kana kwamba lina baridi.

Hoja: Mimi nawaambia ni wafadhili. Wana mitambo siku hizi. Walichukua sauti za watoto wote, wakazikoroga kama uji, wakatoa sauti moja ambayo kila mama lazima ailie. Kila mtu aone mtoto wake hapo. Damu nzito kuliko maji, ndiyo maana mafuriko hayakuweza kuichukua.

Gia: Wafadhili hawakuitengeneza, mzee. Ila waliipenda. Sasa sikilizeni, hapa ndipo pabaya. Mratibu alikuwa na kikao na afisa wao, kwenye kompyuta. Mimi nilikuwa mlangoni nasubiri kutumwa. Afisa anasema, mama, mradi wako unavutia watu kuliko miradi yetu yote; iweke hiyo sauti iwe ya kwanza, ongezeni kambi, tutawaongezea muda. Mratibu akamwambia, "Huyo mtoto sina." Afisa akasema, "Lakini wanakuja. Wakishafika watawaona wengine, labda watawachukua. Wewe unataka watoto wapate nyumba au hutaki?"

Bi Birika: Shetani ana mdomo mtamu.

Gia: Na alijua pa kumgusa. Maana muda wa mradi ulikuwa unaisha. Watoto ambao wasingepata wa kuwachukua wangepelekwa kwenye bweni moja kubwa la mayatima lililo mbali, na Mratibu aliwahi kulitembelea. Aliporudi kutoka huko hakula siku ile. Basi nikamwona anakunja na kukunjua leso. Nikajua anapima. Mwishowe akasema, "Siwezi kumwita mama aje kwa mtoto ambaye hayupo. Nikishafanya hivyo mara moja, sitajua tena pa kuacha." Akafunga kompyuta. Akaniambia, "Gia, kazime spika."

Hoja: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Gia: Alivunjika, mzee. Baada ya siku chache ilikuja barua: hakufuata maelekezo, hataongezewa muda. Lakini akina mama walikuwa wameshaanza safari. Unazima spika, utazimaje safari ya mtu? Walikuja kwa miguu, kwa baiskeli, juu ya magunia ya mkaa. Wakajaa pale getini. Si mliwaona?

Tuliwaona. Walikaa kwenye kivuli cha ukuta wa ghala, hawapigi kelele, hawaombi maji. Nilimnyoa mteja siku ile nikigeuka kila mara kutazama getini, kwa sababu wanawake wengi kiasi kile hawapaswi kuwa kimya hivyo.

Gia: Mlinzi alitaka kuwafukuza. Mratibu akamwambia afungue geti, akatoka mwenyewe. Hakubeba karatasi. Akasimama katikati yao akasema, "Mama zangu, dada zangu, nisameheni. Sauti mliyoisikia haina mtoto hapa. Sijui imetoka wapi. Sikuwadanganya kwa kusudi, lakini mmefika hapa kwa sababu ya gari langu." Nikasema moyoni, leo watampasua huyu. Hakuna aliyemgusa. Akainuka mama mmoja mrefu, mguu umefungwa bandeji. Akasema, "Mimi mwanangu nilimzika kwa mikono hii, maji yalipopungua. Najua alipo. Sikuja kumchukua."

Waya: Sasa alifuata nini?

Gia: Ndivyo alivyoulizwa. Akajibu, "Ameniita. Mtoto akikuita, utakaa?"

Pikipiki ilipita. Gia akasogeza kikombe, akaendelea.

Gia: Halafu yule mama akainua kichwa. Ndani kulikuwa na mtoto analia. Akauliza, "Huyo ni nani?" Mratibu akasema, "Hatujui kwao. Analala karibu na dirisha. Tangu aletwe hajasema neno." Mama akasema, "Niacheni nimnyamazishe." Mratibu akamtazama, akamtazama tena, akampisha. Tukamsikia ndani anaongea naye kama mtu anayezungumza na jirani. Kilio kikashuka. Na wale wengine getini, mmoja baada ya mwingine, wakaanza kuuliza, "Na ndani kuna nani mwingine?"

Bi Birika: Wakawachukua?

Gia: Si siku ile. Wengine walitaka kubeba palepale, Mratibu akakataa katakata. Alisema mtoto si ndoo ya maji, kwamba kila mwenye kichwa anajitwika. Kwanza waje wazoeane na watoto, waondoke, warudi tena. Aliita watu wa ustawi wa jamii, nikawapeleka mpaka kwenye kila hema kuona nani anaishi na nani. Wengine walikataliwa, wakaondoka wanalia. Lakini yule mrefu alipewa. Na wengine wakapewa. Kuna wawili, ndugu, wamepata jamaa yao wa kweli. Asubuhi hii nimempeleka wa mwisho. Na yule wa dirishani aliyekuwa hasemi, alipoanza kusema, ikawa sauti nzito ya mkwaruzo, ya kuagiza. Kabla hujaniuliza, Waya: siyo ile.

Hoja: Basi mwisho mwema. Kesi imekwisha.

Gia: Haijaisha. Nilipompelekea Mratibu funguo nimemkuta ofisini, amekaa sakafuni kati ya maboksi, amevaa visikizio. Nikajua anasikiliza ile sauti. Nikasimama. Alipovitoa nikamwambia, mama, iache hiyo, inaumiza. Akanitazama kwa namna ambayo, haki ya nani, sitaisahau. Akasema, "Gia, mimi sijawahi kuisikia."

Waya: Unasema?

Gia: "Sijawahi kuisikia. Kwangu mimi babu anakoroma, kisha ni upepo mpaka mwisho. Siku ya kwanza nilidhani spika mbovu. Kisha niliona nyuso zenu. Niliendesha mambo yote haya kwa kuamini masikio yenu." Akanipa visikizio nijaribu. Mkono wangu haukufika. Akasema, "Kila usiku nimejiuliza kama ni mimi mwenye kasoro, au ni mimi tu niliyebahatika." Kisha akajifuta macho, akaniomba nimsaidie kufunga maboksi.

Kahawa ilikuwa imepoa mikononi mwetu. Hakuna aliyedai nyingine.

Hoja: Amezeeka masikio tu huyo. Kazi nyingi.

Waya: Au sauti ile iko juu mno. Kuna sauti ambazo mbwa husikia, binadamu hawasikii. Labda ipo ya kusikiwa na baadhi ya watu. Chuma cha spika kikishapitiwa na vilio vingi, kinashika. Ukipitisha umeme, kinatoa. Mimi nimewahi kufungua redio ya marehemu, nikaifunga haraka.

Hoja: Hujawahi kutuambia hilo.

Waya: Hamkuniuliza.

Bi Birika ndiye aliyefuata, na hakupaza sauti kama kawaida yake.

Bi Birika: Ninyi mnahangaika na spika. Mto ule ulipita ndani ya kila nyumba. Uliingia jikoni, ukaingia chini ya vitanda. Usiku ule kila mtoto alimwita mama yake, na maji yakasikia yote. Maji hayana akili ya kubuni. Yanarudia.

Hoja: Acha hizo, Bi Birika. Mto hauna mdomo.

Bi Birika: Basi pale unapoingilia baharini, si watu hupaita mdomo wa mto?

Hoja akanywa kahawa yake iliyopoa.

Mwishoni mwa benchi alikuwa ameketi mwanamke mmoja ambaye hatukumjua. Alikuja na begi mgongoni, akaomba kupumzika, akanunua kikombe kimoja, na katika joto la maneno tukamsahau. Alikuwa amesikia yote. Aliweka kikombe chini taratibu, akapangusa mdomo.

— Samahani, ndugu zangu. Mmesema lile gari lilikuwa likipita hapa kila siku.

Gia: Hapa hapa, dada. Kwenda na kurudi.

— Na mnasema wote mnaijua ile sauti.

Waya: Ndiyo.

— Ninyi mlimsikia nani?

Aliuliza vizuri tu, kama mtu anayeuliza njia. Waya akageukia barabarani. Gia alishika kikombe chake kwa mikono miwili akakichungulia ndani, na kilikuwa kitupu. Hoja, ambaye katika miaka yote sijamwona akikosa la kusema, aliinama akaanza kufunga upya kamba za viatu vyake. Bi Birika alijifunika uso kwa upande wa kitenge chake.

Yule mwanamke akanigeukia mimi. Nikainuka. Nikasema samahani, nina mteja ndani ananisubiri.

Mlango wa kibanda changu ulikuwa wazi. Kiti kilikuwa kitupu, na kila mtu kwenye benchi alikiona. Hakuna aliyenicheka.