Risala kwa Mgeni Tuliyemwelekeza Mlango wa Uani

Mgeni rasmi, Bi Somalatha, wa Sri Lanka, uliyekuja kwetu kwa mara ya pili,
Waheshimiwa wa manispaa, ambao leo mmekubali kukaa safu ya nyuma,
Ndugu Gulzaman, dereva wa lori la maji, na wenzako wa kambi ya madereva,
Majirani zetu wote, amani iwashukie.

KARIBU

Mgeni rasmi, sisi wanawake wa Shaabia ya Ghafu, mtaa ulio ng'ambo ya barabara ya uwanja wa ndege, tunakukaribisha. Neno hili ni zito mdomoni mwetu. Mwaka jana, siku ya mvua kubwa, ulibisha kwetu ukiwa umelowa, na jibu ulilopewa halikuwa karibu. Leo tumekuita tukupe kikombe cha kahawa ulichostahili siku ile, na hatujui kama utakinywa. Jambo lililotukusanya ni hilo tu. Hakuna ngoma, hakuna mashairi, na hata watoto waliokuwa wamejifunza mchezo tumewaambia wakae chini.

Wapo waliotuuliza tangu lini risala ikasomewa mfanyakazi wa ndani, maana tumezoea kuwasomea mashehe na mawaziri. Na Bi Kaltham, jirani yetu ambaye ulimi wake hauna kizuizi, alisema, "Mwacheni mwanamke wa watu. Mmeshamlowesha, sasa mnamwita mkamwanike?"

Neno lake tulilitafuna muda mrefu. Mwisho tukaona heri tuaibike sisi mbele ya watu, kuliko aibu hii kuibeba wewe peke yako huko uliko.

TULIKOTOKA

Wazee wetu walikuwa watu wa mchangani, huko jangwani. Mwenzetu Bi Afra, mama yake Suhail, yule aliyekaa karibu na birika la kahawa na mtandio ameushusha hadi machoni, ndiye ambaye risala hii inafuata kisa chake, na ametupa ruhusa. Mama yake Bi Afra alikuwa hazimi moto mbele ya hema, ili aliyepotea auone. Aliyefika alilishwa, akapewa pa kulala, na hakuulizwa jina wala shida yake mpaka zipite siku tatu. Afra, akiwa mdogo, aliwahi kumuuliza mgeni mmoja ametokea wapi. Alipigwa kofi ambalo shavu lake linalikumbuka mpaka leo.

Kisha tukapewa nyumba za mawe, Mungu awalipe waliotupa. Kila nyumba ilikuwa na milango miwili. Wa mbele ulikuwa wa wageni. Wa uani ulikuwa wa taka, mitungi ya gesi na wafanyakazi. Hakuna aliyetuamuru hivyo, tulizoea tu, kama mtu anavyozoea kiatu kibaya. Zamani aliyetoka mbali aliitwa mgeni na maneno yakaisha. Sisi tukaanza kuwachambua wageni kama mchele.

Nyuma ya nyumba zetu palichimbwa mfereji wa kupitisha maji ya mvua yatokayo upande wa uwanja wa ndege. Mvua haikuja. Mchanga ukaanza kuujaza, nasi tukausaidia. Tulitandika humo mazulia ya zamani, tukaweka mito, tukajenga zizi la mbuzi, tukawa tunanywa chai humo alasiri kwa sababu pana upepo. Tukapaita Barazani. Watoto waliozaliwa hapa hawakujua kwamba ni mfereji.

Na juma lile lile ulilobisha kwetu, mgeni rasmi, tulikuwa tumetoka kuswali swala ya kuomba mvua. Wanaume waligeuza mashuka yao mabegani kama ilivyo desturi, wanawake tukainua mikono mpaka ikachoka. Tulimwomba Mungu mvua, na njia yake tumeikalia.

SIKU YENYEWE

Ilipoanza kunyesha tulifurahi. Wanaume walitia birika za chai garini wakaenda kutazama mabonde yakijaa, watoto wakakaa katikati ya njia vinywa wazi. Kila jiko la mtaa lilikaanga kaimati, maana kwetu mvua haipokewi mikono mitupu. Kufika adhuhuri mbingu ilikuwa nyeusi na taa zinawaka. Maji ya uwanja wa ndege yakaja kwenye mfereji, yakakuta mazulia yetu, yakarudi yalikotoka. Ndege zikasimama majini kama bata walioduwaa. Ndani ya ukumbi wa abiria, tulivyosimuliwa baadaye, watu walikaa juu ya mabegi yao hata pa kuweka mguu hapakuwapo.

Wewe ulikuwa unabadilisha ndege tu. Ulikuwa umemaliza kazi yako katika nchi ya jirani, unarudi nyumbani. Ulitoka nje kutafuta hewa na mahali pakavu, ukavuka barabara, ukabisha mlango wa kwanza uliouona. Ulikuwa wa Bi Afra.

Bi Afra alikuwa na mafuta jikoni yanachemka. Akabonyeza kidude cha kuzungumzia mlangoni, akaona kwenye kioo chake mwanamke aliyelowa, begi kichwani. Ulisema, "Hodi, mama." Ukaanza kusema neno jingine, hakukungoja ulimalize.

Alisema, "Kazi hakuna, dada. Zunguka mlango wa uani, ngoja huko, nitakuletea chakula."

Hakuwa na nia mbaya, na ndiyo maana linauma. Alikwisha kukutengea sahani. Ila kaimati zilikuwa zinaungua, akazigeuza kwanza, akachuja, akazimwagia asali, na kila mtu hapa anajua kaimati hazimwachi mtu atoke jikoni.

Wewe ulizunguka. Nyuma hapakuwa tena na Barazani. Maji yaliyokosa njia yalikuwa yameinua mazulia, na ulipokanyaga zulia ukidhani ni nchi kavu, chini yake hapakuwa na kitu.

Bi Afra alipofungua mlango wa uani, sahani mkononi, hakuona mtu. Aliona maji ya rangi ya chai, na ndara moja ya kike inazunguka mahali pamoja. Aliita, akashuka ngazi mpaka maji yakamfika kiunoni, akaita tena. Jina lako hakulijua. Aliita, "Ee mgeni! Ee mgeni!" Neno alilokunyima mlangoni ndilo alilobaki nalo majini.

Hakujua kwamba Ndugu Gulzaman, aliyeletwa na lori lake kunyonya maji ya barabara, alikuwa amekushika nguo upande wa pili wa zizi na kukuvuta. Hakujua kwamba madereva walikupa chumba chao, wao wakalala ndani ya malori.

MAFANIKIO

Hapa ndipo watu hujisifu. Sisi tulikwisha kujisifu mapema mno.

Maji yalipopungua kidogo, tulipika masinia ya wali na nyama, tukayapeleka uwanja wa ndege kwa abiria waliokwama. Tulipigwa picha. Manispaa ikatuletea kibao cha shaba kimeandikwa Mtaa wa Ukarimu, tukakitundika katika majilisi, chumba chetu cha kupokelea wageni, na kila aliyeingia tulimwonyesha kabla hajavua viatu. Bi Afra alipika kuliko sisi sote siku zile. Tukimsifu alitazama sakafu, nasi tukasema ni unyenyekevu.

Ndara aliiweka nyuma ya mlango. Kila mgonga kengele alimshtua. Alikuwa anaamini amekuua, mgeni rasmi, na aliamini hivyo peke yake huku sisi tunakula sifa. Mwishowe akapanda kiti, akakitungua kile kibao mbele yetu. Tukamuuliza, "Mama Suhail, umeingiwa na nini?" Akakaa pale pale juu ya kiti akatueleza.

Tulikimbilia kumtetea, na kumtetea yeye kulikuwa kujitetea sisi. Tulisema hakujua, alidhani ni mfanyakazi tu. Bi Kaltham alikuwa anamenya ndimu. Hakuinua hata macho. Akauliza, "Na angekuwa mfanyakazi kweli?"

 Kila mmoja wetu aliuona mlango wake wa uani.

Kwa hiyo, tangu siku hiyo, haya ndiyo tuliyoyafanya, na si mengi. Mfereji tumeuzibua kwa mikono yetu, na mbuzi wamehama. Tuliona zulia la harusi ya Bi Kaltham linatoka chini ya mchanga, akasema afadhali lipumzike, limevumilia mengi kuliko mume mwenyewe. Kibao cha shaba tumekirudisha. Waheshimiwa, tunawashukuru, ila tunaomba msituletee kingine.

Na Bi Afra alikwenda kuulizia kila mahali, hospitali, kituo cha polisi, mpaka akafika kambi ya madereva na ndara ndani ya mfuko. Ndugu Gulzaman aliitazama ndara, akamtazama yeye, akabaki amesimama mlangoni.

Akasema, "Mama, wewe hukumfungulia. Leo umekuja kubisha kwangu, unataka mimi nifungue?"

Bi Afra akajibu, "Usifungue, mwanangu. Niambie tu kama yu hai."

Ndipo Gulzaman akasogea akampisha, akampa kiti pekee kilichokuwamo, akamchemshia chai ya maziwa. Alikupigia simu papo hapo, kwa namba uliyomwachia. Wewe ulipopokea, Bi Afra alisahau kila alichopanga kusema, akakuuliza kwa nini ulikwenda nyuma nawe uliyaona maji. Ulimjibu polepole, kwa Kiarabu chetu, "Niliambiwa, mama. Nimezoea kwenda ninakoambiwa."

Neno hilo alitufikishia kama lilivyo. Wengine wetu tuna wafanyakazi majumbani. Siku ile hatukuweza kuwatazama usoni.

MATATIZO TULIYO NAYO

Tumekubaliana mlango wa mbele uwe wa kila mtu. Ni rahisi kusema. Anayeleta gesi bado anazunguka nyuma, ukimwita mbele anadhani amekosea jambo. Mlango tumeufungua, miguu ya watu imeshazoea kuzunguka, na walioizoesha ni sisi. Waume zetu wengine wanaona tumetia chumvi, wanasema maji yamekauka, ya nini kuyachota tena.

Lakini lililotutia aibu kubwa ni la jana, na kipande hiki tumekiongeza asubuhi hii. Jana tulijua unafika. Bi Afra alisimama mlango wa mbele tangu alasiri, chetezo mkononi, udi unafuka, sisi nyuma yake tumejipanga na marashi. Gari likasikika, likaondoka. Tukangoja. Udi ukaisha. Ndipo mkwewe akaja mbio kutoka jikoni kutuambia mgeni yuko uani, amekaa kwenye ngazi, begi mapajani.

Ulikuwa umezunguka mwenyewe.

Bi Afra hakukuita uje mbele. Naye alizunguka, akaja akaketi kwenye ngazi ile ile kando yako, akakuwekea ndara yako miguuni. Mlikaa mkitazama mfereji. Kisha akamimina kahawa, akakupa kikombe kwa mkono wa kulia.

Ulikipokea. Ukakiweka chini bila kukionja.

Kwa wasiojua desturi yetu, mgeni mwenye haja hanywi kahawa. Huweka kikombe chini, na mwenyeji hana amani mpaka haja ile itajwe na itimizwe. Wewe umeishi na watu wa desturi hii miaka mingi huko nchi ya jirani, umewamiminia wageni wao kahawa usiyohesabu, ukiwa umesimama. Hukukosea. Bi Afra alipokuuliza haja yako, ulisema, "Nitaitaja kesho, mama, mbele ya wote," ukainuka ukauliza pa kulala.

Usiku kucha mtaa huu umekisia. Wako waliosema utataka kisa chako kiandikwe magazetini mahali pa zile picha za masinia. Wako waliosema utataka Bi Afra asimame akuombe radhi. Bi Kaltham akasema hata ukitaka tuingie wote kwa mlango wa uani maisha yetu yote, yeye yu tayari, ila aondolewe pipa la taka kwanza.

MAOMBI

Mgeni rasmi, risala zote huishia na maombi ya wenyeji. Sisi tumeona hatuna haki ya kuomba. Hata msamaha hatuuombi hapa, kwa sababu mtu akiombwa msamaha mbele ya kadamnasi hana njia ila kuutoa, na wewe umekwenda ulikoambiwa mara nyingi vya kutosha.

Sehemu hii tumekuachia wewe.

Kikombe kiko mbele yako. Ni kile kile cha jana, kimeoshwa. Aliyekimimina ni Bi Afra, na leo aliyesimama ni yeye. Katika desturi yetu mwenyeji huuliza haja kwanza, akaipima, akaijibu. Mama yake Bi Afra, yule wa moto usiozimwa, hakuwa akiuliza. Mgeni akiweka kikombe chini, yeye alimjibu kabla hajafungua mdomo, na neno lililotoka halikurudi. Jana usiku, nyumba kwa nyumba, tumekubaliana kukujibu kama yeye. Hatujui utasema nini. Tumeogopa, na tumekubali.

Mungu aifanye safari yako ya kurudi kuwa nyepesi, awape wanao mvua ya kiasi, na nyumba yako isikose mtu wa kuifungua.

Kunywa kahawa yako, Bi Somalatha. Haja yako imekubaliwa.

Ni sisi,
Wanawake wa Shaabia ya Ghafu, ng'ambo ya barabara ya uwanja wa ndege