Kiwanja cha Bisun

Basi la Nausori lilijaa, kwa hiyo Mzee Bisun alilazimika kukaa kando ya Viliame, yule aliyemshinda mahakamani asubuhi ile katika kesi ya kiwanja. Mama Ateca, nyuma yao, aliacha kumenya chungwa lake akasikiliza.

"Baba yako alipokea mikononi mwangu mzizi wa yaqona, zawadi ya kuombea ardhi kwa mila yenu," mzee alisema. "Akapiga makofi ya kukubali, akaniambia, Bisun, jenga."

"Hakimu anataka karatasi, mzee. Makofi hayana mhuri."

"Ungemwambia hivyo baba yako akiwa hai, ungelipata lako, bila mhuri."

Abiria mmoja alicheka. Ateca hakucheka.

"Nina watoto, mzee. Niwalaze wapi?"

"Sikuchukii, mwanangu. Nauliza tu. Nikihama, nani atafyeka majani kwenye kaburi la baba yako? Wewe hujafika pale tangu tumzike."

Viliame aligeukia dirishani, na Ateca akamwona akijifuta macho kwa kiganja.

Basi liliposimama, Viliame alilibeba gunia la mzee begani. Wakashuka pamoja, wakashika njia ya nyumba ambayo Bisun alitakiwa kuihama Ijumaa.