Zamu ya Karoti

Mshonaji alipanga kusinzia hadi kituo cha mwisho, lakini wanaume wawili wa kiti cha mbele walimnyima usingizi.

"Saratani ya mapafu hainipati ng'o," fundi rangi alisema, sigara isiyowashwa ikining'inia mdomoni. "Nyumbani tumegawana kazi. Mimi navuta, mke wangu anakula mboga."

Kinyozi, aliyekutana naye humohumo ndani ya basi, alimgeukia mwili mzima. "Anakula kwa niaba yako?"

"Si tumeoana, kaka? Kila sigara yangu, karoti yake. Hata mazoezi anafanya yeye, maana mimi magoti hayanipi ruhusa."

Mshonaji alilifikiria jino lake linalomsumbua. Kumbe angemtuma mumewe akang'olewe la kwake badala yake!

"Acha sigara, bwana wewe," kinyozi alimwambia. "Moshi hauli karoti."

"Niache?" Fundi rangi alihamaki kweli. "Na karoti zote alizokula mwenzangu ziende bure? Huo utakuwa ukatili."



"Hospitali! Wa kushuka!" kondakta aliita, na basi likasimama.

Upande wa pili wa basi, mwanamke aliyekuwa akitafuna karoti kimyakimya safari nzima alianza kukohoa, akakohoa hadi akashikilia kiti. Fundi rangi alimkimbilia, akampokea mkoba, akamshika mkono kwa upole.

"Twende, mama watoto," alisema. "Leo watuambie hicho kikohozi chako umekitoa wapi."