Mama Vigae na Kilima Alichonyang'anywa

Ndugu, jamaa na majirani, kaeni vizuri. Wasifu huu unasomwa na mdogo wake marehemu, yule aliyemwachia ziwa. Mwendesha shughuli ameomba uwe mfupi na wa upole. Mfupi utakuwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1951, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga. Tangu utotoni udongo haukumkauka kwenye kucha. Mama yao alipanda mboga nyuma ya jiko, kesho yake akakuta miche imeng'olewa na bintiye amechuchumaa na kipande cha sahani ya zamani. "Mama, nani alikuwa anakula kwenye hii?" Mama akamjibu, "Alikula bibi yako, na wewe leo huli." Jioni alikula, ila kipande kile alilala nacho.

Alisoma shule ya msingi na sekondari, akahitimu chuo cha ualimu Novemba 1973 na kufundisha historia. Mwaka 1980 alijiandikisha kozi ya jioni ya akiolojia na ulimwengu wa kale, ile ya watu wazima. Walimu wenzake walimcheka: mtu mzima, habari za Mafarao zitamsaidia nini? Akasema zitamsaidia kutowasikiliza wao jioni. Alimaliza na cheti, na Machi 1983 kozi hiyo hiyo ikawa mikononi mwake.

Alifundishia kituo cha elimu ya watu wazima, chumba cha mwisho ghorofani, juu ya duka la rangi. Siku ya kwanza ya kila muhula aliingia na chungu kizima, akakibwaga sakafuni mbele ya wanafunzi, paa! Kisha akawaambia wakiunge. Ndipo walipombatiza Mama Vigae. Muhula mmoja dereva wa gari la wagonjwa aliunga chungu chake chote na bado akabaki na kipande mkononi. Alipoulizwa, akasema, "Hiki ni spea, Mwalimu." Marehemu alicheka hadi akakaa chini.

Seremala aliyeletwa kutengeneza mlango wa chumba hicho alisikia somo la Babeli akiwa na randa mkononi. Mlango ulipona wiki hiyo hiyo, lakini yeye hakuacha kuja. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1985, wakajaliwa mabinti wawili. Shemeji husema mkewe alimsafisha kwa brashi ndogo, taratibu, bila kumvunja.

Sasa tufike kwenye kilima. Kuna aliyedhani tutakiruka.

Mwaka 1996 marehemu na darasa lake walichimba kilima cha nyuma ya kiwanda cha matofali, kila Jumamosi, kwa kibali halali. Walifikia misingi ya nyumba ya kale na tanuri la kuchomea vyungu. Paa la kulikinga na mvua halikuwapo, kwa hiyo wakaamua kulifukia hadi hapo uwezo utakapopatikana. Wachimbaji wana desturi yao: kabla ya kufukia, unaweka chini kabisa kitu cha siku hizi, ili atakayefika baadaye ajue pamekwisha kuchimbwa. Wengi huweka chupa ya soda. Siku ile hakuna aliyekumbuka chupa, marehemu akavua kandambili yake ya bluu ya mguu wa kushoto, akaitupia shimoni, akarudi nyumbani akirukaruka kwa mguu mmoja. Ya kulia aliitundika kwenye msumari nyuma ya mlango.

Katika darasa lile alikuwamo karani wa kituo. Marehemu ndiye aliyemfundisha hata kushika mwiko wa kuchimbia. Alikuwa hodari wa kupiga picha pembeni ya shimo, lakini siku ya kufukia hakuonekana. Kufukia ni jasho tupu, naye siku za jasho hakosi udhuru.

Karani akapanda, akawa mkuu wa kituo. Mwaka 2004 alimwita marehemu ofisini, hata kiti hakumpa. "Mama, watu wazima wanataka kompyuta, siyo mifupa." Kozi ikafa. Masanduku ya vigae na michoro yote akayachukua, eti kuyahifadhi. Marehemu alitoka pale amemeza jiwe. Mdogo wake alimwambia apige kelele. Hakupiga.

Septemba 2017 redio ikatangaza: mkuu wa kituo amegundua, kwa juhudi zake binafsi, kwenye kilima cha nyuma ya kiwanda cha matofali, makazi ya kale ambayo hayajawahi kuguswa na jembe la mtu! Marehemu alicheka mpaka mumewe akaacha kula. Mdogo wake akasema, "Dada, twende tukaseme mapema." Akajibu, "Tuseme ili iweje? Nimemngoja miaka yote hii. Mwache achimbe, mwanangu huyo, nisimharibie siku yake."

Siku ya kuzindua uchimbaji ikafika, na mgeni rasmi, na kamera, na kibao chenye jina la mkuu. Udongo ulikuwa laini ajabu. Mwanafunzi makini angeshtuka, yeye akasifu vibarua kwa kasi. Akashika kipaza sauti: "Tabaka hili ni bikira!" Kibarua akainua kichwa toka shimoni.

"Bosi, kuna ndala."

"Ndala gani?"

"Ya bluu, bosi. Ya kushoto."

Marehemu akainuka kutoka kiti cha nyuma, akafungua mkoba wake. "Ya kulia ninayo hapa."

Walioona hawatasahau. Mgeni rasmi alicheka wazi wazi, mkuu akaumbuka mchana kweupe. Marehemu alisema hajawahi kuonja siku tamu kama ile, na familia haioni haya kulisema mbele ya jeneza lake.

Kibao kiling'olewa. Mkuu mwenyewe hakung'oka kitini. Na baada ya wiki mkuu akaanza kusema eti darasa lile lilichimba chini ya usimamizi wake.

Juni 2018 figo za marehemu zilianza kushindwa. Mkuu alituma matunda, kisha akaja mwenyewe wodini, akasimama karibu na pazia. "Mwalimu, tusahau yaliyopita."

"Mwanangu, kazi yangu yote ilikuwa yaliyopita. Kawaambie watu ulichofanya, kwa mdomo wako, ndipo urudi tusameheane."

Hakurudi. Kila alipoingia wodini, mdogo wake aliulizwa, "Amesema?" Asubuhi ya tarehe 3 Februari 2019 aliuliza tena, sauti imekwisha. Shemeji alikonyeza: mwambie ndiyo, aende ametulia. Mdogo mtu hakuweza kumdanganya dada yake. "Bado, dada."

"Basi na mimi bado," akasema, akafumba macho. Hakuamka.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano, wadogo watatu, na wanafunzi wake wale pale, wamejaa hadi barabarani. Kituo kimeleta shada la maua na kuomba nafasi ya rambirambi. Shada tumelipokea, na nafasi tumetoa.

Katika ratiba mlizoshika, mstari wa mwisho wa ukurasa huu umeachwa mtupu. Hapo ndipo huandikwa kwamba marehemu apumzike kwa amani. Familia haitalitamka neno hilo kabla ya kusikia lile alilolingoja. Anayepaswa kulisema amekaa mstari wa pili, koti jeusi, hotuba mfukoni. Aiache humo humo.

Kipaza sauti hiki hapa, Mkuu. Sisi hatuna haraka.