Msalaba Usioliwa na Mchwa

Kahawa ya Saburi haikukosa wanywaji hata mwaka ule wa themanini na moja, sukari ilipogeuka hadithi na kashata zikasahaulika. Kila asubuhi alitua dele lake kando ya gogo la mkorosho, mbele ya kibanda cha fundi Thadeo, hatua chache kutoka stesheni ya Soga, na wenyewe wakaja: Husseini, aliyeitwa Lami kwa sababu ujana wake wote uliishia kwenye matengenezo ya barabara, na Kondo, aliyeitwa Profesa kwa sababu aliwahi kufagia maabara ya shule. Alhamisi hiyo fundi hakukaa nao. Alisimama mezani anasugua msalaba wa mninga kwa majani ya msasa, maana msasa wa dukani haukuonekana tangu vita. Jumatatu ilikuwa Siku ya Marehemu. Mkewe, Benedikta, alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitali kwa sababu dawa hazikuwa na la kufanya tena, naye aliomba kitu kimoja tu: akakae kaburini kwa mwanawe Cornel, kule kijiji cha zamani, kabla naye hajazikwa. “Ule msalaba wa kwanza utakuwa umechakaa,” alimwambia mumewe. “Tengeneza mwingine, udumu kuliko sisi.”

— Fundi, vanishi unayo? — Lami alianza kabla hata hajapuliza kikombe.

— Vanishi! — Saburi alicheka. — Duka la ushirika halina chumvi, huyu anauliza vanishi.

— Basi apake oili chafu ya gari. Mchwa akinusa oili anageuza njia.

Profesa alimpiga Lami kiwiko, lakini neno lilishatoka.

— Mwacheni, — alisema Thadeo bila kuinua kichwa. — Oili nilipaka. Wote mnajua.

Walijua, kwa kuwa juzi yake alikwenda peke yake kufyeka njia, akarudi akawasimulia. Mwaka wa sabini na nne, malori ya kuwahamishia kwenye kijiji cha ujamaa yalipotangazwa, Thadeo alipita kaburi hadi kaburi na debe la oili chafu, akapaka misalaba yote kumi na miwili mara mbili mbili. Aliwaambia watu hata wakikaa huko miaka ishirini wataikuta imesimama. Mchwa kweli hawakuigusa. Ila kiangazi hiki cha karibuni mtu fulani alichoma pori atayarishe shamba, moto ukatambaa hadi makaburini, ukakuta kuni zimeshatiwa mafuta. Hakikubaki hata kisiki. Benedikta alikuwa hajaambiwa.

— Sasa huu utaupaka nini? — Profesa aliuliza kwa sauti ya chini.

— Kwanza rangi ya magome ya mkoko, ikolee. Halafu mafuta ya maganda ya korosho. Nimeyakamua mwenyewe, tazama mikono.

Vidole vilikuwa vimebabuka, ngozi inatoka.

— Bwana wee! — Lami aliruka. — Mafuta ya korosho nayo si yanawaka? Yanawaka kushinda petroli!

— Najua.

— Basi tia lami. Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Maana yake mbao uizibe kabla ya masika.

— Lami haiwaki? — Saburi aliuliza.

— Inawaka, lakini polepole. Mwenda pole hajikwai.

— Acheni longolongo, — Profesa aliinuka, akanyoosha suruali kama anaingia darasani. — Kisayansi, kila kinachomfukuza mchwa kinamwita moto. Kwa hiyo tunatafuta kitu cha maji. Chumvi! Uloweke msalaba kwenye maji ya chumvi miezi saba.

— Jumatatu, Profesa, — alisema Thadeo. — Sina miezi saba. Yeye hana.

Profesa alikaa. Lakini kijiwe hakijui kunyamaza, na huruma ya watu wale ilikuwa haina njia nyingine ya kutokea ila mdomoni.

— Weka misalaba miwili, — Lami alisema. — Mmoja wa mti laini pembeni, mchwa washibe huko. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

— Mchwa apewe jembe?

— Akishiba mti laini aambiwe ahame! Sisi si tulihamishwa?

— Mimi nasema mbao itoke ofisi ya tawi la chama, — Saburi alidakia. — Mmewahi kuona mchwa kwenye kiti cha mwenyekiti? Mchwa wa siku hizi wanajua siasa.

— Heri uzikwe, — Profesa alisema, amesahau sayansi. — Msalaba mzima ufukiwe chini na marehemu. Moto hauufikii.

— Na mchwa wanaishi wapi, Profesa? Juu ya mwembe?

Walicheka, Thadeo naye akacheka kidogo, halafu akaona aibu. Alichovya kitambaa kwenye rangi ya magome akakipitisha juu ya mninga. Mbao ilinywa, ikawa nyekundu iliyoiva, vizuri hasa. Alikuwa hajawahi kutengeneza kitu kizuri hivyo, na roho ilimuuma kwamba kilikuwa hiki.

Msichana mmoja aliyekuwa akisubiri treni ya Ruvu alikuwa amejisogeza kivulini na kikapu chake. Aliitwa Bertha, mgeni hapo, ameposwa Ruvu anakwenda kwa wakwe. Alikuwa amesikiliza yote, na habari ya misalaba kumi na miwili iliyoungua alishaisikia kwa abiria wenzake stesheni.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mwanangu.

— Baba fundi, samahani. Makaburi yalikuwa kumi na mawili?

— Kumi na mawili.

— Yamejengewa?

— Udongo tu. Na mvua za miaka saba, sasa ni uwanja.

— Sasa huu utausimamisha juu ya lipi?

Saburi aliinamia makaa ya dele, akayapuliza ingawa yalikuwa yanawaka vizuri. Juzi kule porini Thadeo alitembea majivuni kutwa nzima, anahesabu hatua kutoka kwenye kichuguu, kutoka kwenye mto, kila mara anafika mahali pengine. Na alipochoka alijiambia kwanza atengeneze msalaba, mengine baadaye.

Treni ililia mbali. Bertha aliinua kikapu, akaaga, akakimbilia stesheni.

Thadeo alipaka rangi mara ya pili. Jumatatu Benedikta angeteremshwa kwenye baiskeli, angeshikwa kwapani, angeuliza swali lilelile la msichana, na Thadeo ingembidi anyooshe kidole mahali fulani.