Damu ya Winfrida na Jina la Baba Alfredi

Miaka thelathini na mitatu. Tarehe 30 Juni mwaka huu Ndugu Dunstan Nandonde, Baba Alfredi, anavua koti lake jeupe na kuaga chumba cha meno. Ninayesema haya ni Bibi Sabina, niliyefagia chumba hicho miaka ishirini. Shule sikuiona. Josephina wa masijala ananiandikia, na nimemkataza kupamba.

Alizaliwa Chidya, akaanza kazi kwa kung'oa tu, kuanzia Lukuledi hadi Newala, koleo kwenye begi, begi kwenye baiskeli. Mbishi, na hajui kuimba ila anaimba. Mgonjwa akimwamkia kinywa kimeachama, hutoa vyuma kwanza, amwache amalize shikamoo yake, ndipo aitikie.

Mwaka 2013 alirudi kutoka masomoni na mashine ya kuzungusha damu. Mgonjwa anatolewa damu yake kidogo mkononi, inazungushwa, unapatikana utando wa njano kama wa uji uliopoa. Huo huchanganywa na chembe za mfupa wake mwenyewe, hujazwa pale taya lilipoliwa na uvimbe, mfupa uote. Sharti damu ikitoka iingie mashineni papo hapo. Ikichelewa inaganda, ni ya kutupa.

Sasa nifike nilikoogopa kufika miaka kumi na moja. Winfrida, mjukuu wangu, alikuwa na miaka kumi na sita, uvimbe umemla taya. Damu ikatolewa. Wakati ule habari za mumiani wauza damu zilikuwa zimetanda, nami nikaziba mlango. "Baba Alfredi, nipe hicho kichupa nikishike, nijue hakiendi kokote." Akaniheshimu, akanipa. Nikakishika, nikamhoji, nikawaonyesha ndugu. Damu ikaganda kiganjani mwangu.

Akaomba kutoa nyingine. Muharami, mjomba wa mtoto, akamwambia, "Ile ya kwanza hamjashiba?" Tukambeba tukarudi naye kwao Newala. Msimu wa korosho ulipoisha tulimleta tena, taya limevunjika, usaha umeshuka shingoni. Alikufa siku ya tatu.

Watu wakasema Nandonde kaharibu damu ya mtoto. Akapewa barua ya onyo. Hakunitaja. Kwenye tanga alikuja, akatukanwa, akakaa. Mimi nikanyamaza, nikaendelea kufagia chumba chake, naye akaendelea kuniamkia kila asubuhi.

Tangu hapo mashine iko dirishani. Ndugu wa mgonjwa wakija, Baba Alfredi hujitoa damu yake mwenyewe kwanza, izunguke wakiona. Mtazameni mkono wa kushoto, umejaa makovu ya sindano. Twahiru wa Lisekese, yule wa bodaboda, anatafuna mahindi ya kuchoma kwa sababu ya mkono huo.

Basi isikike mbele ya wote: damu ya Winfrida niliigandisha mimi, si wewe. Barua ile itolewe kwenye jalada lako, iwekwe hii.

Asante, mwanangu. Uishi vizuri huko uendako. Na ukitaka kunikasirikia, ni haki yako; njoo na hasira yako nyumbani, chakula kitakuwepo.